Makande ya Jumatatu ya Pasaka

Mgeni wa sikukuu ameacha chungu kwake. Mmeisikia leo kwenye kikao cha harusi, shangazi yenu alipokataa tarehe mliyoichagua, nanyi mkatazamana. Mnataka kujua imetoka wapi. Basi sikilizeni, methali hii ilianza hivi.

Huko Usangi, milimani Upare, aliishi mjane aitwaye Naetwe. Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alipoposwa, Naetwe alipanga harusi ifanyike Jumatatu ya Pasaka. Aliona ni siku nzuri kuliko zote: watoto wa kijiji wamerudi kutoka mijini, hakuna aendaye kazini. Kadi alizigawa wiki mbili kabla. Hakumwuliza mtu kama siku hiyo inamfaa.

Upishi alimkabidhi rafiki yake wa tangu utotoni, Eliwaza, ambaye kwa pilau hakuwa na mpinzani. Walikubaliana afike saa moja asubuhi.

Siku ikafika. Saa moja ikapita, saa tatu ikapita, Eliwaza haonekani. Wanawake wa jikoni walibishana kuhusu maji ya mchele. Watu walipotoka kanisani, wakwe wakakaribishwa kwenye viti, lakini chakula kilikuwa bado. Naetwe akatazama turubai: viti mia mbili, na zaidi ya nusu vitupu. Akamwendea mshereheshaji, akamwambia, “Chakula kikiisha, utatangaza hivi: ambao hawakuja leo, na mimi kwao wasinitarajie.”

Saa tano na nusu Eliwaza akaingia anahema, miguu imejaa tope.

“Ndiyo unafika?” Naetwe alimwuliza mbele ya wanawake wote. “Au ulingoja vyakula vinukie ndipo uje kula?”

“Nisamehe, dada. Nipeni mwiko,” Eliwaza akasema, na kazi ikaanza.

Alasiri, wageni wakiwa wanakula, mwanamke kijana alisimama pembeni ya turubai. Mgongoni alikuwa na begi la safari, na mikononi chungu kilichofungwa kwa kitenge. Naetwe alimfuata haraka, akidhani ni mzamiaji.

“Shikamoo, mama. Kadi sina, wala siombi kiti,” alisema yule mgeni. “Mimi ni Tumsifu. Namtafuta mama yangu, Eliwaza.”

“Marahaba. Tumsifu uliye kazini Mtwara? Umekuja lini?”

“Jana usiku, mama. Miaka mitatu sijapata likizo. Safari hii hospitali wamenipa siku chache, nazo zimeishia njiani. Nilimwomba mama anipikie makande ya maziwa. Aliamka alfajiri kuyapika, lakini mahindi yalikuwa magumu. Akaogopa kukuangusha, akaniachia chungu motoni akaja. Basi langu linaondoka saa kumi. Nimeona nisile peke yangu.”

Naetwe akakipokea kile chungu, kilikuwa bado cha moto, akakipeleka mwenyewe hadi jikoni. Alimvua Eliwaza kanga ya upishi, akamkalisha pamoja na Tumsifu, akashika mwiko yeye.

“Kwa nini hukuniambia?” alimwuliza kwa sauti ya chini.

“Ningekwambia saa ngapi? Kadi ilipokuja, siku ilikuwa imeshapangwa.”

“Nisamehe yale maneno.”

“Nimekusamehe,” Eliwaza alisema huku akimpakulia mwanawe. “Lakini yaliniuma, Naetwe.”

Walikula robo saa tu, mama na mwana, bega kwa bega. Halafu Tumsifu akakimbilia basi.

Naetwe akarudi kwenye turubai, akachukua kipaza sauti kabla mshereheshaji hajafungua kinywa. Aliviangalia vile viti vitupu, safari hii kwa macho mengine. Huenda nyuma ya kila kiti kulikuwa na mzee aliyeletewa wajukuu, au mtu aliyekuwa na siku moja tu ya kulala.

“Nilitaka kuwalaumu wasiokuja,” alisema. “Siwezi tena. Siku hii niliichukua bila kuuliza, na ilikuwa ya kila mmoja wenu. Mlioweza kuja, asanteni. Wenye safari, nendeni bila kuaga, sitanuna. Leo nimejifunza kwamba mgeni wa sikukuu ameacha chungu kwake.”

Watu wakaondoka na neno lile. Tangu hapo, kule Usangi, anayetaka kuoza mtoto siku ya sikukuu hupita kwanza nyumba kwa nyumba, miezi mapema, akiuliza nani anamtarajia nani. Na aliyealikwa, kama hawezi, husema mapema, hamwachi mwenzake akihesabu viti.

Kwa hiyo shangazi yenu hakuwakatalia harusi. Anawauliza kama mmeuliza. Maana mgeni wa sikukuu ameacha chungu kwake.