Mtamba wa Shukrani na Bima Iliyokuwa Kimya

Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime, maana kesi hii ina watu watatu wema na zawadi moja.

Huko Rungwe, ushirika wa wafugaji ulikuwa na kiwanda kidogo cha maziwa. Mwenyekiti wake, Bi Tusekile, hakuogopa fahali wala mkaguzi, lakini mambo ya bima yalimchosha. Kila mwaka, bima yao ya kuwafidia watu watakaodhurika na maziwa ilipoisha, alisaini mpya huku akisema, "Kama mwaka jana." Kampuni ya bima kule Mbeya nayo ikajibu, "Kama mwaka jana." Wakaishi hivyo kwa raha zao.

Kampuni hiyo ilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Ambwene alijua kuuliza. Mzee Shekiondo alijua kuandika. Lusajo, wakala, alijua kueleza, tena bila kumdharau mtu.

Mwaka mmoja Ambwene alikwenda kukagua kiwanda, akamkuta fundi anarekebisha ubaridi wa matangi kwa simu. Aliporudi ofisini akamuuliza bosi wake, "Mhalifu akiingia kwenye mitambo ile, akavuruga ubaridi, maziwa yakamdhuru mtu, bima yetu inasemaje?"

Bosi akapekua mkataba. "Haisemi kitu."

"Basi siku ya balaa sisi tutasema haimo, wao watasema imo, na mgonjwa yuko kitandani anasubiri. Mimi siidhinishi." Bosi akanuna. Ambwene hakutetereka hata kidogo. Huyo ndiye mwanamke!

Kazi ya kuandika mkataba upya ikamwangukia Mzee Shekiondo. Njia rahisi ilikuwa kukataa kila balaa la kompyuta, kisha akalale. Mzee hakutaka. Akaandika, akamsomea mkewe, na kila mkewe alipokunja uso, akafuta. Mwishowe yakabaki maneno haya: "Mtu akidhurika mwili kwa maziwa yenu tutamlipa fidia, hata kama chanzo ni mhalifu aliyeingia kwenye kompyuta. Kompyuta zenyewe na taarifa zilizoibwa hazimo humu. Hizo zina bima yake. Sharti letu: kila mfanyakazi awe na neno lake la siri." Wallahi, mzee yule ni fundi wa maneno! Hata aliyechoka na kazi za kutwa angeelewa.

Lusajo akayabeba maneno hayo mpaka kiwandani.

"Maneno mengi, baba," alisema Bi Tusekile. "Nipe kama mwaka jana."

"Ya mwaka jana iko kimya, Mama Mwenyekiti. Ukimya hauwezi kukutetea."

Akaeleza, akarudia, mama akasaini. Lusajo alipoinua macho akaona neno limeandikwa kwa chaki ukutani: Tabasamu. Lilikuwa jina la ng'ombe wa mwenyekiti, na kiwanda kizima kililifanya neno la siri kwa heshima yake. Kulibadili kulionekana utovu wa adabu. Mwingine angechukua sahihi yake akaondoka. Lusajo alibaki, akakaa na mfanyakazi mmoja mmoja mpaka kila mtu akawa na neno lake, na Bi Tusekile mwenyewe akaufuta ukuta.

Haukupita muda mrefu, wahalifu wakaingia kwa kupitia kompyuta ya fundi. Skrini ikaonyesha baridi, kumbe matangi yana joto. Maziwa yale yakanywewa kwenye sherehe ya kipaimara. Jamani! Watu walitapika mpaka wakaishiwa nguvu, na Subilaga, mjamzito, akalazwa hoi. Ndugu za wagonjwa wakaja kudai haki yao. Bi Tusekile alilia waziwazi, maana bima isipolipa, kuwafidia wote hao kungetaka kiwanda kiuzwe, na wafugaji warudi kumwaga maziwa kwa kukosa soko.

Kampuni ikachunguza. Maneno yako wazi, sharti limetimizwa. Ikalipa bila mabishano. Wagonjwa wakapona, Subilaga akajifungua salama, kiwanda kikabaki.

Sasa wafugaji wale wana desturi yao. Anayeokoa zizi hupewa mtamba mwenye mimba, mkono kwa mkono. Hauzwi, hagawanywi, na uzao wake ni wa nyumba moja. Kampuni ikaridhia, na watatu wale wakaitwa uwanjani.

"Mpe Ambwene!" wakapiga kelele hawa. "Asingeuliza, nani angeandika?"

"Mpe Mzee!" wakajibu wale. "Kwani swali ndilo lililolipa?"

"Mpe Lusajo!" wakadakia wengine. "Bila yeye maneno yote yangebaki Mbeya, na sharti lingetushinda!"

Wenyewe watatu, kila mmoja aliweka mikono nyuma, akiwaonea haya wenzake. Bi Tusekile alishika kamba ya mtamba. Akimpa mmoja, anawaaibisha mbele ya kijiji kizima wawili waliomwokoa. Mtamba naye akaanza kuvuta.

Je, kamba ile ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?