Mtoto Aliyeacha Kukitoa

Wapendwa, anayesinzia aguswe bega, maana mfano huu hata mimi ninayeutoa unanikosesha raha.

Kulikuwa na fundi mmoja wa vifaa vya kusikia, vile vidude vidogo wanavyovaa sikioni watu wenye usikivu hafifu. Alikuwa na mashine ya kuvipima. Unakiweka kifaa ndani ya kisanduku, unafunga, mashine inakipigia sauti, kisha inapima sauti inayotoka. Ikifaa, inawaka taa ya kijani. Isipofaa, nyekundu. Lakini kwanza lazima uiseti: uiambie sikio ni la mtu mzima au la mtoto. Kwa nini? Tundu la sikio la mtoto ni dogo. Sauti inayomtosha babu, ikibanwa kwenye katundu kale, inakuwa kali mno.

Sasa wateja wa fundi huyu karibu wote walikuwa wazee. Siku aliyofungua ofisi aliiseti mashine kwa sikio la mtu mzima, akaiacha hivyo hivyo. Kubadili kila mara ya nini?

Akaja mama na binti yake mdogo, ambaye hajaanza kusema. Binti alikuwa amebakiwa na usikivu kidogo, na hicho kidogo ndicho mama alichokuwa anakipigania. Fundi akakipima kifaa, kijani ikawaka, mtoto akavishwa. Alilia, akakichomoa, akakitupa chini.

Baada ya siku chache mama akarudi. "Fundi, mwanangu hakitaki kabisa. Nikimvisha anajipigapiga kichwa."

Fundi akapima tena. Kijani. "Mama, mashine inasema kifaa kizima. Huyu umemdekeza. Akikitoa mchape mkono, umrudishie. Atazoea tu."

Mama akatii. Ninyi mngefanyaje, na mtaalamu kasema, na taa imewaka mbele ya macho yenu? Mtoto akavishwa, akakitoa, akachapwa. Akavishwa tena, akakitoa, akachapwa. Mwisho akaacha kukitoa. Mama akamshukuru Mungu, akawaambia majirani kwamba mtoto amezoea.

Miezi ikapita. Siku moja mama akaja kumpimisha, akamkuta fundi mwingine, maana yule wa kwanza alikuwa safarini. "Siku hizi ametulia," mama akasema. "Ila hata nikigonga sufuria nyuma yake, hageuki."

Fundi huyu akaitazama mashine. "Hii imesetiwa kwa mtu mzima." Akaiseti upya kwa sikio la mtoto, akapima. Nyekundu.

"Kwa hiyo kifaa kimeharibika?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Kifaa ni kizima. Sauti yake ndiyo ilikuwa kali kwake, inamuumiza muda wote huo. Tutampima vizuri, lakini pole sana. Nadhani kile kidogo alichobakiwa nacho kimekwenda."

Mama hakulia. Aliutazama mkono wake wa kulia. "Kumbe alikuwa ananiambia," akasema, "na mimi namchapa."

Ile mashine, wapendwa, haikusema uongo. Iliulizwa habari za mzee, ikajibu habari za mzee. Na sisi je? Mtoto anakataa kwenda kwa mjomba wakati wa likizo, tunasema ana kiburi, kwani mjomba ni mtu wa watu, tena mtoaji mzuri hapa kanisani. Binti aliyeolewa anarudi kwao na begi lake, tunamrudisha kwa mumewe siku hiyo hiyo, na njiani tunamsomea mistari ya uvumilivu. Mbona sisi tulivumilia? Tunampima kwa sikio letu, kisha tunamshangaa akilia. Na siku anaponyamaza, tunasimama hapa mbele kutoa ushuhuda kwamba nyumba imetulia, na ninyi mnajibu amina. Mimi inanitisha amina hiyo.

Basi leo ukifika nyumbani, kabla hujanawa mikono kula, mtafute mtu mmoja. Simsemi yule anayelalamika kila siku, huyo bado ana matumaini na wewe. Mtafute yule aliyeacha kulalamika. Kaa naye chini, weka fimbo mbali na mistari mbali, umuulize aliacha lini, na nani alimchapa mpaka akaacha.