Fisi Aliyetaka na Furaha ya Pimbi

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni pakawa au mnapiga miayo? Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na jiwe.

— Likakaliwa!

Na aliyelikalia?

— Akachekwa!

Haya, sogeeni. Chiku, toa mkono kwenye hizo mbaazi, ni za jioni. Na wewe Mwajabu, najua wenzio wamekunyang'anya kamba ya kuruka na najua umelia, mashavu yana mistari. Sikuulizi. Kaa hapa karibu yangu.

Hapo kale palikuwa na kilima cha mawe matupu, na kwenye kilima hicho aliishi Mama Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo, mnene kidogo, masikio mafupi, mkia hana. Alikuwa na watoto wawili, na alikuwa na pango. Pango lenyewe lilikuwa la pekee kilima kizima, maana halikuvuja. Mvua inyeshe mwezi mzima, mle ndani vumbi linatimka.

Siku moja, masika yakiwa yanakaribia, akaja Fisi. Alikuwa na mashimo yake matatu kule bondeni, akataka na la nne. Hodi hakupiga. Aliingia, akajilaza katikati, kichwa huku, mkia kule, akasema, "Pango hili limenipenda."

"Bwana Fisi," Mama Pimbi akasema, "na mimi na wanangu tulale wapi?"

"Dunia ni pana, mama."

Mama Pimbi akatoka na watoto wake, akakaa chini, akalia. Siwadanganyi, alilia sana. Masika yalikuwa yamefika mlangoni, na mtoto wa pimbi akinyeshewa siku mbili tatu, ya nne haioni. Alilia mpaka jua likafika juu ya mkuyu. Halafu akapenga kamasi, akashuka kisimani, akanawa uso. Marehemu mama yake alimfundisha hivyo: lia, mwanangu, lakini usilie mpaka ukasahau kunawa uso.

Kulipokucha akafanya kama alivyozoea kufanya kila siku. Akapanda jiwe lake la upande wa mashariki, akaota jua. Akavuta pumzi, hhhuuu. Akaishusha, fyuuu. Mara tatu. Kisha akataja vitu vitatu alivyobaki navyo: "Ninaye huyu. Ninaye na yule. Na hili jua hakuna aliyelifikia." Akashuka kwenda kuwaamkia majirani, na njiani akaimba kidogo. Sauti mbaya, lakini yake.

Fisi akamsikia kutoka pangoni. Akakunja uso. Yeye hakupata hata lepe la usingizi, kwa sababu kila jani likianguka anashtuka: nani huyo anakuja kuninyang'anya? Mwizi hana mto laini. Akatoka mbio, akamsimamia Mama Pimbi njiani.

"Wewe! Pango lako nimelichukua, sijalichukua?"

"Umelichukua, bwana."

"Na watoto wako nimewatoa nje?"

"Umewatoa, bwana."

"Sasa unaimba nini?"

"Naimba tu."

"Hapana. Kuna kitu umekificha. Kuna kitu nilisahau kuchukua. Kilete."

Mama Pimbi akamtazama. Akatazama pango, akatazama ule mlango wake mpana. Basi wazo likamwingia, wazo dogo tu, kama punje ya mtama.

"Macho yako hayakosei, bwana. Kitu kipo. Ni utulivu wa moyo. Lakini hicho hakibebwi, kinatengenezwa. Siku saba, kila alfajiri, pale juu ya jiwe langu. Unafumba macho, unavuta pumzi mara tatu..."

"Tatu ni za pimbi. Mimi ni Fisi. Nitavuta mia tatu."

"Kidogo kinatosha, bwana."

"Mia tatu."

"Haya. Ila macho yafumbwe kweli."

Siku ya kwanza Fisi akapanda jiwe. Hhhuuu, fyuuu. Hhhuuu, fyuuu. Ya arobaini, kichwa kikaanza kumzunguka. Ya tisini, akaanguka, pu! Akapanda tena, akaanza upya. Na upande wa pili wa kilima Mama Pimbi akatafuta jiwe moja, kubwa kama kichwa chake, akalivingirisha mpaka kwenye mlango wa pango. Gudu! Akalikandika udongo, na watoto wakaukanyaga kwa miguu yao midogo.

"Mama, tuongeze la pili," watoto wakasema.

"Leo moja. Kesho lingine."

Siku ya pili ilikuwa ya kushukuru. "Taja vitu vitatu ulivyo navyo," Mama Pimbi akamwambia.

"Vitatu? Nitavitaja vyote."

Fisi akafumba macho, akaanza. "Nina paja la swala, nimelifukia chini ya mgunga. Nina mbavu za ngiri, nimezifukia nyuma ya kichuguu. Nina kwato za punda, ziko pale kijito kinapopinda." Akataja mpaka jua likawa utosini, kwa sauti kubwa, na kila kimoja kwa mahali pake. Wenye masikio wakasikia. Kesho yake hakukuwa na paja, wala mbavu, wala kwato. Fisi akashinda njaa, na tumbo likaanza kuingia ndani. Na mlangoni? Jiwe moja. Gudu!

Siku ya tatu mvua ya kwanza ikanyesha kabla ya wakati wake. Ndogo tu, tapu tapu tapu, lakini ilitosha. Mtoto mdogo wa Mama Pimbi akaanza kukohoa. Koho, koho. Mama Pimbi akamkumbatia chini ya jani la mgomba na roho ikamvunjika kabisa. Akayatazama yale mawe mawili akayaona ni upuuzi. Mawe mawili na mlango wote ule! Akalia tena. Akanawa uso tena. Akavuta pumzi, mara tatu tu, na vitu vya kutaja siku hiyo alipata viwili, cha tatu hakukiona. Lakini aliinuka. Akasema, "La leo moja." Gudu!

Hapo, Mwajabu, ndipo pagumu pa hadithi. Pengine nisingeinuka mimi.

Siku ya nne ikawa siku ya salamu. "Kuamkia jirani kunalegeza moyo," Mama Pimbi akamwambia Fisi. "Ila sharti ni moja. Ukishauliza hali, usubiri ujibiwe mpaka mwisho. Ukiikatisha salamu, siku zako zote zinafutika, unaanza moja."

Na kweli, mtu wa kwetu haikatishi salamu hata nyumba ikiwa inaungua. Fisi maisha yake yote hakuwahi kumsalimu mtu, kwa hiyo hakujua salamu ina urefu gani. Akamwendea jirani wa kwanza aliyemwona, na jirani mwenyewe alikuwa Kobe.

"Umeamkaje, Mzee Kobe?"

"Nime..." Kobe akasema. Akatoa shingo. Akafikiri. "...amka..."

Fisi akangoja. Jua likapanda.

"...salama. Ila... goti."

Goti la kulia, halafu la kushoto. Baada ya magoti, mke. Baada ya mke, mashemeji, mmoja mmoja. Kisha habari za mbali: kwamba kule korongoni kuna nyati mzee sana, mgonjwa, hafikishi siku tatu. Fisi akatamani kupiga kelele, lakini akakumbuka siku zake nne, akameza mate. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka Kobe alipomaliza. Akamtazama Fisi usoni.

"Na wewe... mwanangu... umeamkaje?"

Fisi akakaa chini. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Macho yakamlengalenga, na msicheke, ni kweli.

"Sijalala vizuri, mzee," akasema. "Muda mrefu sasa."

"Pole," Kobe akasema, na hilo alilisema upesi.

Fisi akarudi pangoni ananyata, amechoka, ana njaa, lakini kifua ni chepesi. Usiku ule akasinzia kidogo. Mngedhani sasa atamrudishia Mama Pimbi pango lake. Thubutu! Alijilaza vilevile, kichwa huku, mkia kule. Na mlangoni jiwe la nne lilikuwa limeshakauka.

Siku ya tano: kucheka. "Mtu mwenye moyo imara hucheka kidogo kila siku," Mama Pimbi akasema, "hata kama hakuna la kuchekesha."

"Nitacheka kutwa," Fisi akasema. Akakaa juu ya jiwe akacheka mwenyewe: hii-hii-heeeh! Hii-hii-heeeh! Ndege wakahama kilima. Watoto wa pimbi wakamcheka anavyocheka, na yule mdogo akacheka mpaka kikohozi kikamtulia. Gudu!

Siku ya sita Fisi alipokuwa anatoka alfajiri, mabega yakakwaruza mlango. Kwaruuu!

"Mama Pimbi! Mlango huu mbona unanibana?"

Mama Pimbi moyo ukamruka. Lakini akavuta pumzi moja, akajibu polepole.

"Si mlango, bwana. Ni moyo wako unapanuka."

Fisi akajitazama kifua. "Hata mimi nilihisi," akasema, na akapita akitabasamu. Alikuwa amekonda kama ufito, ndiyo maana alipita. Nyuma yake, gudu! Mawe yote Mama Pimbi alikuwa ameyapanga ili ukiyasukuma kutoka nje yazidi kukazana.

Siku ya saba, anga nyeusi. Mawingu yameshuka mpaka unaweza kuyafulia nguo. Mama Pimbi akaenda mwenyewe pale kwenye jiwe.

"Bwana Fisi, umefika. Leo hakuna kazi. Leo ni kujipongeza. Yule nyati wa korongoni amekufa jana. Nenda kale paja moja. Moja tu, bwana, ule taratibu, urudi ulale."

Mnasikia? Alimwambia moja. Kila kitu alimwambia kwa kipimo chake, wala hakumdanganya. Isipokuwa lile la moyo kupanuka, na hilo Mungu atamsamehe.

Fisi akaenda korongoni. Akala paja moja, taratibu. Akala la pili, upesi. Nyam, nyam! Akala mbavu, akala utumbo, akala ulimi, kwato, mkia na ngozi ya masikio. Alipoinuka, tumbo lilikuwa linaburuzika chini, srrr, srrr, njia nzima.

Akafika pangoni pamoja na mvua. Cha! Cha! Chaaaa! Masika yenyewe hayo. Akaingiza kichwa, kikapita. Akaingiza mabega, yakapita. Akaingiza tumbo. Ndiii! Na hapo mbele ya pua yake, ndani, palipo pakavu, wamekaa Mama Pimbi na watoto wake wawili wakimtazama.

"Fungua, mama!"

"Mlango uko wazi, bwana. Sisi tumepita."

"Tumbo limekwama. Nifanyeje?"

"Ulivyozoea. Vuta pumzi."

Fisi akavuta, hhhuuu! Tumbo likajaa zaidi, likakaza kama kizibo.

"Sasa ishushe."

Fyuuu! Fisi akachomoka kinyumenyume, akavingirika kilima chote, pu, pu, pu, akatua kwenye tope. Akapanda tena, akasukuma mawe, mawe yakakazana. Akasukuma, yakakazana. Mwishowe akasimama nje, maji yanamtiririka masikioni.

"Mama Pimbi, sasa mimi nilale wapi?"

Mama Pimbi akatoa pua nje kidogo.

"Dunia ni pana, bwana."

Fisi akashuka zake bondeni kwenye mashimo yake matatu, yote yanavuja. Huko hakuwa na la kufanya, akakumbuka somo la siku ya tano. Akacheka. Mpaka leo anacheka, hata pasipo na la kuchekesha, mnamsikia. Na yule mtoto mdogo wa pimbi alilala hadi asubuhi, na hakukohoa hata mara moja.

Sasa funzo. Mnataka niseme tamaa mbele, mauti nyuma? Hilo mnalijua, na Fisi mwenyewe hakufa. Funzo la hadithi hii ni kwamba tabia njema zinamharibia mtu nyumba. Fisi alikuwa jambazi mwenye pango zuri na nyama zake zimefukiwa. Akaanza kuvuta pumzi, akashukuru, akasalimia watu, akapoteza vyote. Kwa hiyo kesho laleni mpaka saa nne. Msimwamkie mtu, hasa mzee mwenye magoti. Na mkimwona mtu hana kitu na anaimba asubuhi, msimuulize siri yake. Kahesabuni mawe mlangoni kwenu.

Hadithi nimeiokota mlangoni.

— Umeiacha mlangoni!

Mwembamba?

— Apite!

Aliyeshiba?

— Alale nje!

Haya, inukeni, chungu hakijipiki. Chiku, lete hizo mbaazi, zile ulizobakisha. Na wewe Mwajabu, hiyo kamba tutajua kesho. Sasa hivi nenda kanawe uso.