Kadi Tatu, Sura Moja

Kikao cha Dharura cha Kamati Ndogo ya Kuruhusu Ukwanguaji wa Rangi kwenye Mali ya Umma. Hivyo ndivyo lilivyoitwa rasmi, hapo zamani, zamani za karibu tu, jambo lililozuka katika Hospitali ya Mlowezi. Kikao hakikukaa. Lakini sikilizeni kilichokiita.

Hospitali ilikuwa na swichi kuu, kabati la chuma ambamo nyaya zote za mtandao, za simu zikiwamo, huishia. Ndani yake huchomekwa kadi, kama droo, na kila kadi hulisha vyumba vyake. Asubuhi moja kadi ikaungua. Simu za chumba cha upasuaji na za benki ya damu zikafa, na kitandani alikuwa amelala mama wa watu, amejifungua na damu haikatiki.

Ghalani zilikuwapo kadi tatu. Uso uleule, matundu yaleyale, urefu uleule. Kadi tatu, sura moja. Moja haipelekei simu umeme. Moja ni ya toleo jipya. Ukiichomeka kwenye swichi ile kuukuu, swichi nzima inazima na hospitali yote inakuwa bubu. Moja tu ndiyo yenyewe. Tofauti iliyoandikwa ilikuwa herufi moja tu kwenye lebo, na juu ya lebo Bwana Mpangala, mtunza ghala, alikuwa amepaka rangi nyeupe na kuandika namba ya mali, kwa mwandiko wa kupendeza kweli.

"Ikwangue basi," akasema Bi. Zawadia, Katibu wa Hospitali.

"Mama Katibu, kukwangua namba ni kuharibu mali ya umma. Iko kamati yake."

"Iite."

"Mwenyekiti yuko likizo. Halafu rangi yangu, Mama, ukiikwangua inaondoka na lebo. Si rangi ya mchezo hii."

Bi. Zawadia akawageukia mafundi wake watatu, wote wa mkataba. Mezani kwake ilikuwapo nafasi moja ya ajira ya kudumu, na jina lilitakiwa wizarani siku hiyohiyo kabla ofisi hazijafungwa. Watatu hao walikuwa wameingoja mpaka wamechoka hata kuitania.

Ombeni, mvuta nyaya, hakungoja kuambiwa. Akakimbilia upasuaji, akapewa maneno, akashuka nayo ngazi akiyaimba yasimponyoke: "Kundi O, chupa mbili! Kundi O, chupa mbili!" Wagonjwa wakampisha. Akapanda na damu. Akatumwa chini tena, akapanda tena.

Leokadia akazilaza kadi mezani, akazitazama kama mtu anayetazama pacha wa jirani. "Hii haina kibao cha umeme mgongoni. Iondoeni." Zikabaki kadi mbili, sura moja. Akapitisha kidole juu ya mabati ya kupooza joto. "Hii bati lake ni nene, ni ya toleo jipya. Yetu ni ile."

"Una hakika?" akauliza Bi. Zawadia.

"Ya kusema ninayo, Mama. Ya kuchomeka sina."

"Lete," akasema Luhende, fundi wa tatu. "Hospitali ikizima, andikeni Luhende. Msiandike 'mafundi'."

Akaisukuma kadi huku swichi inawaka. Taa nyekundu. Bi. Zawadia akasahau kupumua. Taa ya njano. Mpangala akatoka nje, asiwe shahidi. Taa ya kijani.

Simu zikafufuka. Na ya kwanza kulia ilikuwa ya benki ya damu: daktari wa upasuaji anapiga kelele, damu imefumuka upya, leteni chupa nyingine sasa hivi! Ombeni alikuwa ameketi ngazini, miguu imegoma. Mhudumu wa benki akamruka na chupa mkononi, akafika. Damu ikakatika.

Alasiri watatu wakasimama ofisini kwa Bi. Zawadia.

"Bila macho yangu," akasema Leokadia, "kaka Luhende angechomeka msiba."

"Na bila mkono wangu, dada, macho yako yangekuwa bado yanatazama."

"Endeleeni kulinganisha," akasema Ombeni, bado anahema. "Mlipokuwa mnalinganisha zile kadi, mama yule alikuwa anaishi kwa miguu yangu."

"Miguu yako ilikaa, Ombeni. Simu ndiyo iliyomalizia," akasema Luhende.

"Ilikuta pa kumalizia!"

Bi. Zawadia akacheka, kisha kicheko kikamwisha. Alimwona Leokadia aliyejua kisha akakiri mahali ujuzi wake ulipokoma. Alimwona Luhende aliyelitanguliza jina lake mbele ya kosa ambalo lingekuwa la mwingine. Alimwona Ombeni ambaye hakuuliza kitu. Kama nafasi zingekuwa tatu asingefikiri hata kidogo.

Akaandika jina moja, akalituma. Wawili waliobaki wakampa mwenzao mkono, wakarudi kazini kwa mkataba uleule. Mama yule alipona.

Haya, nyinyi mliosikia yote: jina lile lilistahili kuwa la nani?