Jinni Barjahi na Kahawa ya Baraza la Shandui

Wasimuliao ya kale husema, na ukweli wote uko kwa Mola, ya kwamba katika mji wa Shandui, uliojengwa juu ya jabali kavu, alitawala Sultani Zahran bin Hamdun, mtu mpole, na kidoleni alivaa pete ya akiki aliyoirithi kwa babake, na pete ile ilimfunga jinni mmoja, jina lake Barjahi, awapandishie watu maji kutoka kisima kilicho chini kabisa ya jabali, mahali ambapo jua halijapata kufika.

Na ujira wa jinni haukuwa dhahabu, kwani dhahabu majini wanayo hadi wameichoka. Ujira wake ulikuwa usingizi. Hapo mwanzo alichukua ule wa mchana tu, na watu wakaona ni rahisi. Kisha akataka na ule wa alfajiri, ambao ndio mtamu. Kisha akaanza kuumega wa usiku. Na kadiri alivyoshiba usingizi wa watu ndivyo alivyolala yeye, na akilala maji hayapandi, na watu wa Shandui wakabaki na kiu na macho mekundu, hata mtu akisalimiwa "Sabalkheri" hujibu, "Kheri gani?"

Ndipo Sultani akaitisha baraza, akasema, "Enyi watu wangu, nikiivua pete hii, jinni yu huru, na kisima ni chenu, mkiteke na kukitunza wenyewe. Nisipoivua, mambo ni haya haya. Nipeni neno moja, nami nitalifuata."

Neno moja! Afadhali angeliwaomba nyota.

Nawe msikilizaji ujue kwamba Shandui kulikuwa na ada ya kale: shauri halifungwi mpaka kahawa ya dele moja, lile birika la shaba la barazani, imzunguke kila aliyeketi, na atakayekosa finjali yake ana haki ya kulifungua upya. Na maadamu shauri li wazi, kadhi hafungi ndoa. Na mpika kahawa wa baraza alikuwa Salha, binti aliyerithi dele la marehemu babake, naye alikuwa ameposwa na Shekue mchonga milango, na hina ya harusi ilikuwa imekwisha kusagwa.

Akainuka Mwinyi Kombo, tajiri wa ngozi, akasema, "Maulana, leo maji yasipopanda, twamtukana jinni. Kisima kikiwa chetu, tutamtukana nani?"

"Tutatukanana," akajibu Shekue. "Kwani sasa twafanya nini?"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba wamechoka, wakapiga miayo. Akasema Bi Mize, mwanamke mkongwe kuliko wote, "Ninyi mwacheka. Kaka yangu alishuka ngazi ile na mtungi begani, hakupanda tena. Ndipo baba yako, Maulana, akamfunga jinni. Leo nani atashuka?"

Hakuna aliyejitolea, na mimi simlaumu hata mmoja, maana ngazi ile ilikuwa giza na utelezi. Basi wakayarudia yale yale, leo na kesho, hata kasuku wa Sultani akayahifadhi yote, na Mwinyi Kombo akiinuka tu, kasuku hupiga kelele, "Tutamtukana nani? Tutamtukana nani?" na Mwinyi Kombo huyasema vile vile.

Na kila walipokaribia kukubaliana, Salha alizungusha kahawa, na kila mara maji yalikuwa haba, na dele likakauka kabla ya kufika mwisho wa jamvi, alikoketi Mwinyi Kombo.

"Sikunywa!" akasema. "Shauri li wazi. Binti, hujui kupima?"

"Kupima najua, mwinyi wangu. Cha kupima ndicho sina."

Hata siku moja Salha alipoitazama hina yake, akaiona imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Akaja barazani, akalifudikiza dele katikati ya jamvi, akasema, "Maulana, na mabwana, na mabibi. Shauri la maji lasubiri kahawa. Kahawa yasubiri maji. Maji yasubiri shauri. Na mimi nasubiri kuolewa! Anayetaka kahawa na aje na chombo." Akashika njia ya kisimani.

Wakainuka wote, wala si kwa hekima wala kwa ushujaa, bali mtu aliyenyimwa usingizi hawezi kuishi bila kahawa. Walipofika penye ngazi na kuliona giza, wakasita.

"Naona tuketi kwanza," akaanza Mwinyi Kombo, "tulijadili jambo la—"

"Aaa!" mji mzima ukamjibu.

Bi Mize akapenya katikati yao, akaushika mkono wa Salha. "Kaka yangu alishuka peke yake," akasema. "Ninyi shukeni mmeshikana."

Wakashuka wameshikana, wakajipanga kila mmoja kidato kimoja juu ya mwenziwe, tangu mwangani hadi gizani, na mitungi ikapita mkono kwa mkono, na Sultani akapokea na kupitisha kama wengine, na Mwinyi Kombo akalalamika kwamba kanzu yake imelowa, lakini mtungi hakuuangusha. Kule chini chombo kimoja kikagonga pembe ya jinni, akaamka.

"Nani anateka maji?"

"Sisi," akasema Salha. "Twataka kahawa."

Barjahi akaitazama ngazi iliyojaa watu, akapiga mwayo. "Kumbe mnaweza! Nami usingizi wenu umenilemea. Ni mzito mno kwa jinni mmoja. Siku nyingi nataka kuurudisha. Mmejadiliana juu yangu, lakini hakuna aliyeshuka kuniuliza."

Basi kahawa ikapikwa, ikazunguka jamvi zima, ikafika kwa Mwinyi Kombo, naye akanywa. Kadhi akatamka, "Shauri limefungwa. Kisima ni cha mji." Sultani akaivua pete, na jinni akaaga kwa furaha, na kabla ya kutoweka akawarudishia usingizi wao. Wote. Kwa mara moja.

Kadhi ndiye aliyeanguka wa kwanza.

"Kadhi wangu!" Salha akamtikisa. "Maneno machache tu, kisha ulale!" Akamgeukia Shekue, naye alikuwa akikoroma juu ya jamvi. Salha akamtazama, akasonya, akajilaza kando ya dele.

Walipoamka, ndoa ikafungwa, na ndani ya dele Salha akakuta akiki kubwa kama yai, zawadi ya jinni, wakaishi kwa neema. Na watu wa Shandui wangali wakigombana juu ya zamu za kisima, na kasuku amejifunza matusi mapya. Lakini hugombana wakiwa wamelala vya kutosha, na kahawa haimkosi mtu. Hakika anayengoja wote wakubali ndipo ateke, na asilaumu kiu.