Siku Kiboko Alipotoka Sare

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na uwanja!

Uwanja wa nani?

Wa mwenye neno!

Basi lisemwe, tulisikie!

Jibuni kwa sauti, bwana, sikuja hapa kusema na mawe. Na wewe wa nyuma, acha kuguguna hindi, utanipotezea mechi. Mimi napenda mambo ya waziwazi. Nikisema goli, ni goli. Haya.

Hapo kale vilikuwepo vyuo vitano vya wanyama. Chuo cha Mtoni, cha viboko, walisoma kuzama na kuibuka. Chuo cha Miambani, cha pimbi, walisoma kuota jua. Kulikuwa na Nyikani kwa pundamilia, Kichakani kwa kanga, na Mchangani kwa nungunungu. Kila mwaka vyuo hivi vilicheza ligi. Unadhani walicheza ili wapate kombe? Kombe lina nini! Walicheza ili wapate nyasi. Uwanja wao ndio uliobaki kijani wakati wa kiangazi, na chuo bingwa ndicho kilichokula humo mpaka mvua zirudi. Wengine wakatafute magome.

Kiangazi kilichopita pimbi walikula magome. Kapteni wao, Mama Pimbi, alikuwa na watoto watatu, na meno ya watoto yalivunjika kwa magome. Ndiyo maana mwaka huu hakutulia. Alikimbia juu ya mwamba, akashuka. Akapanda tena, akashuka tena. Tika-tika-tika. Hakai, halali, hali.

"Mama, tulia basi," watoto walimwambia.

"Nitatulia nikishiba," akajibu. Tika-tika-tika.

Sasa Kiboko, kapteni wa Mtoni, alikuwa na nguvu na alikuwa na tamaa. Siku ya kufungua ligi alitoka majini, akasimama katikati ya uwanja, akapanua kinywa: hwaaa!

"Mwaka huu kuna sheria mpya! Kabla ya filimbi, makapteni watasema neno lao mbele ya refa. Neno la kapteni ndiyo sheria ya mechi. Likishaandikwa, halifutiki. Nani anapinga?"

Nani apinge kinywa kile? Refa alikuwa Korongo, mzee wa mguu mmoja juu, mguu mmoja chini. Korongo hakujua kucheka wala kupendelea. Alichora neno kwenye tope kwa mdomo wake, tope likakauka, basi.

Mechi ya kwanza, Mtoni na Nyikani. Kiboko akamtazama Pundamilia. Hwaaa!

"Sema: goli moja la Mtoni ni magoli mawili."

"Go-go-goli moja la Mtoni ni mawili," Pundamilia akasema, mistari yote ikitetemeka.

Korongo akaandika. Prrr! Mtoni wakashinda.

Mechi ya pili, Mtoni na Kichakani. Kiboko akamtazama Kanga. Hwaaa!

"Sema: kipa wa Kichakani atafumba macho."

"Atafumba, atafumba, atafumba," Kanga akasema.

Korongo akaandika. Prrr! Mtoni wakashinda tena, na mashabiki wao wakaimba majini: "Kiboko! Kiboko yao!"

Mechi ya tatu, Mtoni na Mchangani. Kiboko akamtazama Nungunungu. Nungunungu naye akamtazama, akasimamisha miiba yake. Kachakacha! Kiboko akafunga kinywa taratibu.

"Leo jua kali," akasema. "Sisi hatuchezi juani." Akarudi majini. Mchangani wakapewa alama tatu za bure.

Je, pimbi? Pimbi walikimbia tu. Wakawashinda Nyikani kwa kukimbia, wakawashinda Kichakani kwa kukimbia. Na Mchangani je? Mpira ulitua mgongoni kwa Nungunungu, psssss, na siku hiyo mpira mwingine hakuna. Wakatoka sare, bila kufungana, na Nungunungu akaomba radhi mpaka akachosha.

Kwa hiyo ilipofika mechi ya mwisho, Mtoni na Miambani, hesabu ilikuwa hivi: pimbi alama saba, viboko alama sita, na wengine walishaachwa mbali. Mtoni wakishinda, uwanja wao. Wakitoka sare, uwanja wa pimbi. Unaelewa? Kama huelewi, muulize jirani yako, mimi nina haraka.

Mama Pimbi akapanda mwamba, akashuka. Tika-tika-tika. Akawaza: nikisimama mbele ya kinywa kile, nitasema chochote atakachotaka. Nitasema watoto wangu wale mawe. Basi lazima yeye aseme kabla yangu.

Akashuka mpaka mtoni. Huko akamkuta Kwera, yule ndege fundi wa kusuka, yuko juu ya mgongo wa Kiboko na sindano mdomoni. Msimu mzima alikuwa akishona sare za chuo: nyekundu, zenye kola nyeupe. Msimu mzima, maana mwili ule ni kazi! Viboko walicheza mechi zote uchi, wakisubiri.

"Shikamoo, kapteni," Mama Pimbi akasema.

"Marahaba, pimbi we. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kuona nguo. Kumbe ni kweli mnashonesha?"

"Kesho utaziona! Sasa ondoka, unaniharibia kivuli."

Mama Pimbi akaondoka. Njia nzima alirukaruka. Akapita Mchangani, akanong'ona na Nungunungu. Walinong'ona nini? Ngoja! Mbona una pupa kuliko mimi?

Kesho yake uwanja ukajaa. Pundamilia huku, kanga kule, vumbi, kelele. Viboko wakaibuka mtoni, bado uchi, sare zimefungwa kwenye furushi la majani ili zisilowe. Korongo akasimama katikati, mguu mmoja juu, mdomo tayari kwenye tope.

"Makapteni, semeni neno lenu."

Kiboko akavuta pumzi apanue kinywa. Mama Pimbi akamuwahi. Akaangua kicheko: kwi-kwi-kwi!

"Jamani, tazameni! Mtoni wamekuja uchi tena!"

Uwanja wote ukacheka. Kiboko akafunga kinywa. Masikio yakamcheza.

"Nani uchi? Leo Mtoni tunatoka sare!"

"Hamtoki sare nyinyi."

"Tunatoka sare!"

"Mtoke sare nyinyi? Thubutu! Labda wenzako. Wewe kapteni huwezi, tumbo hilo halikubali."

"Pimbi kweli wewe! Mimi ndiye wa kwanza! Leo Mtoni tunatoka sare, wote, mpaka kipa!"

"Maneno matupu. Mbona hujamwambia refa?"

Kiboko akageuka, macho mekundu, akapiga mguu chini: du!

"Refa! Andika! Leo Mtoni tunatoka sare!"

"Hilo ndilo neno lako, kapteni?" Korongo akauliza.

"Ndilo! Mara ngapi niseme?"

"Kapteni wa Miambani?"

"Na sisi tunatoka sare," Mama Pimbi akasema kwa upole.

"Nyinyi? Sare mmeitoa wapi?" Kiboko akacheka mpaka povu likamtoka.

Korongo akaandika. Mdomo juu, mdomo chini. Kiboko akatia unyayo, Mama Pimbi akatia unyayo. Viboko wakafungua furushi, wakavaa. Kwa kweli walipendeza, sitasema uongo. Prrr!

Kiboko akafunga goli. Moja. Akafunga la pili. Pimbi mmoja akajilaza juani. Akafunga la tatu, la nne, la tano. Kipa wa pimbi akaegemea mlingoti, akapiga miayo. Mama Pimbi peke yake hakutulia. Alikimbia, lakini hakuufuata mpira: alizunguka lile tope. Tika-tika-tika. Limekauka? Bado. Mtu asilikanyage! Goli la nane likaingia. Limekauka? Bado kidogo. La tisa likaingia. Akaligusa kwa ukucha. Gumu kama kigae.

Prrrrr!

"Tisa bila!" Kiboko akanguruma. "Uwanja wetu!"

"Sare," Korongo akasema.

"Ndiyo, sare, nimevaa. Tisa bila!"

"Mechi imetoka sare. Neno lako hili hapa, na unyayo wako huu hapa. Leo Mtoni tunatoka sare. Na Miambani nao wamesema sare."

Kiboko akatazama tope. Akatazama kola yake. Akatazama tope tena.

"Mimi nilisema nguo!"

"Hapa hapakuandikwa nguo."

"Futa!"

"Nani alisema neno halifutiki?"

"Mimi!"

"Nikilifuta hili, nafuta na yale ya Nyikani na Kichakani, turudie mechi zote. Na ile ya Mchangani pia. Nungunungu yupo tayari."

Kachakacha! ikasikika golini. Nungunungu alikuwa amekwisha kaa pale, miiba juu. Ndicho walichonong'ona jana: yeye alinde uwanja kiangazi kizima, mizizi yote ya chini iwe yake, majani ya juu ya pimbi.

Kiboko akapanua kinywa kwa hasira, hwaaa, na sare ikapasuka kutoka kola mpaka mkiani: chwaaa! Akarudi majini na kola tu shingoni. Mpaka leo kiboko mchana kutwa hatoki majini, na ukimwona shingo imekunjamana, ujue ndiyo alama ya kola.

Na Mama Pimbi? Aliingia uwanjani na watoto wake watatu. Wakala. Chaku-chaku-chaku. Akala mpaka miguu ikaacha kutikatika, akalala palepale, jani mdomoni.

Funzo la ngano hii, na mlishike: ushindi huletwa na bidii uwanjani. Tazameni vile pimbi walivyojituma, hasa yule kipa. Tena semeni wazi, semeni kwa sauti, mbele ya watu wote, kama Kiboko.

Filimbi yangu imelia. Ngano ikiwa tamu, imegeni mle. Ikiwa na mchanga, temeni, mimi sirudii mechi.

Haya, simameni, nendeni. Na kesho njooni mmetoka sare.