Wino Mwingi Huficha Uso

Siku moja jirani alikaa barazani kwa Mama Lugano, kikombe cha chai mkononi na macho yake ukutani, akamwuliza: "Hivi picha ya marehemu mlichapisha wapi, mbona imepauka? Au wino uliwaishia?"

Mama Lugano akajibu taratibu, "Wino mwingi huficha uso."

Wajukuu waliokuwa wakimenya ndizi mlangoni wakataka kujua msemo huo umetoka wapi, maana waliusikia hadi sokoni Tukuyu. Mwanzo wake ulikuwa huu.

Mzee Gwakisa, mume wa Mama Lugano, alipotimiza mwaka kaburini, familia iliandaa ibada ya kumbukumbu. Picha yake ilikuwa moja tu, ndogo, ya kitambulisho cha ushirika wa chai. Wajukuu wadogo hawakuikumbuka sura yake, na Mama Lugano alikuwa akimwomba Mungu jambo moja kila asubuhi: karatasi ya ibada iwaonyeshe babu yao.

Akaenda steshenari na shemeji yake Ambilikile, mdogo wa marehemu, aliyekuwa ameandika wasifu. Subilaga, binti mwenye duka, akaiingiza picha kwenye kompyuta. Printa ya leza ikanguruma, karatasi ikatoka. Kofia ilionekana, kola ilionekana. Katikati palikuwa na giza.

"Ongeza wino," Ambilikile akasema. "Kaka hakuwa mtu wa kupauka."

Subilaga akaongeza. Sasa hata kofia ikapotea.

"Hapo umemzika tena, shemeji," akasema Mama Lugano, ambaye muda wote alikuwa akitazama tu. Kisha akamgeukia Subilaga. "Binti, hiyo mashine inajua kuongeza tu? Kupunguza haijui?"

"Inajua, bibi. Ni mimi niliyeiacha kwenye mipangilio ya maandishi. Kutwa nachapa mitihani, na walimu wanataka herufi nyeusi ti."

Akafungua mipangilio, akachagua picha badala ya maandishi, akashusha weusi, akapandisha ubora ili vitone vya wino viwe vidogo zaidi. Karatasi ikatoka polepole: paji la uso, nyusi, kisha lile kovu juu ya jicho, alilolipata kwa kukata tawi ambalo mkewe alimkataza asilikate. Mama Lugano akaweka kidole juu ya kovu, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Amepauka," akasema Ambilikile. "Watu watasema hatukumheshimu."

"Ameonekana."

"Haya. Basi na wasifu uchapwe."

Mama Lugano akauomba kwanza, akausoma kwa kufuatisha kidole. Gwakisa hakuwahi kukasirika. Gwakisa hakuwahi kumkosea mtu. Gwakisa alikuwa nguzo, taa na jemedari.

"Shemeji, huyu jemedari ni nani?"

"Si ndiye kaka!"

"Kaka yako alikuwa ananuna kwa sababu ya chumvi kwenye mboga. Halafu sala ya jioni haisali mpaka aje aniombe radhi. Na wewe je? Si alikufukuza shambani, jioni akakufuata mpaka kwako na mkungu wa ndizi begani?"

Ambilikile akatazama chini. "Mambo hayo hayasomwi kanisani."

"Huyo ndiye ninayetaka wajukuu wamjue. Ukimpaka sifa zote hizi atakuwa kama hii." Akamsogezea ile karatasi nyeusi. "Wino mwingi huficha uso, shemeji."

Ambilikile akaitazama karatasi nyeusi, kisha akalitazama kovu. Nje mvua ilikuwa imeanza. Akauacha wasifu wake pale mezani, akaichukua picha, akaiingiza ndani ya koti ili isilowe. "Nitaandika mwingine, wenye ule mkungu wa ndizi," akasema, akatoka.